Gasketi ya Kwenda Tanga

Msibani kwa Papa Ilunga, kule Midrand, niliombwa niseme maneno machache, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasema machache kweli. Wanaonifahamu hawataamini. Mimi ni mtu wa kusema. Nimejenga gereji mbili Dar es Salaam kwa mikono yangu na mdomo wangu, bila mjomba serikalini wala shamba la kurithi, na stashahada yangu ya ufundi mitambo nimeitundika ofisini mahali ambapo mteja hawezi kuketi bila kuiona. Lakini siku ile nilisimama sebuleni kwa binti yake, Grâce, katika nyumba nzuri iliyo ndani ya uzio wenye walinzi na geti linalofunguka kwa kadi, nikatazama picha ya marehemu akiwa amevaa suti, na nikakwama kwenye ile suti. Ilikuwa safi mno. Mtu niliyemjua mimi hakuwahi kuvaa nguo isiyo na doa la grisi mahali fulani, hata Jumapili. Baadaye, watu wakiwa wamejipanga kwenye chakula, Grâce alikuja kukaa karibu nami. Anaelewa Kiswahili chote, ila mdomo wake hujibu kwa Kiingereza, kama walivyo wengi waliozaliwa kule. Akaniuliza baba yake alikuwa fundi wa namna gani hasa, kwa sababu yeye alipopata akili mzee alikuwa tayari ana duka la vipuri na ameshaacha kushika spana. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema ana muda. Kisha wanakwaya wakaja wakamchukua, na jibu likabaki kwangu. Nimerudi nalo kwenye ndege mpaka nyumbani, na nimeona heri niliandike.

Mwaka ninaousema ni wangu wa kwanza Johannesburg, nilipokuwa kijana mwembamba mwenye stashahada mpya na viatu vilivyotoboka. Habari za wazazi na ukoo naziacha. Hazikunisaidia kupata chumba. Chumba nilikipata Berea, ghorofani, katika jengo la zamani ambalo lifti yake ilikuwa imegeuzwa stoo ya ndoo, na kukiita chumba ni kujisifu, maana kilikuwa sebule iliyogawanywa kwa mapazia. Upande wa dirisha alilala Mzee Mbwana, mfanyabiashara wa Tanga aliyeuza vitambaa na manukato, na upande wa mlango nililala mimi, nikinusa udi wake usiku kucha bure. Chumba chenyewe cha kulala kilikuwa cha Papa Ilunga na mkewe, Mama Odette, watu wa Lubumbashi, mume fundi magari na mke msusi. Jiko lilikuwa letu sote, ila kwa kweli lilikuwa la Mama Odette. Alikuwa na sufuria mbili kubwa. Moja aliiita ya nyumba, na nyingine, iliyokuwa na mfuniko wa bluu, aliiita ya Waislamu. Hakuna nyama iliyoingia kwenye ile ya pili bila kupita kwanza kwa mchinjaji anayekubalika na Mzee Mbwana, na hata mwiko wake ulining'inia peke yake ukutani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mzee Mbwana, ambaye kwa miaka yote aliyokaa Johannesburg alikuwa hajasifu kitu chochote cha mji ule, alisifu sombe, yaani kisamvu, ya Mama Odette, kisha akatafuta njia ya kuipunguza ile sifa. "Mama Odette," alimwambia jioni moja, "mboga yako haina kifani. Ila huu ugali wako mlaini mno." Mama Odette akamjibu bila kugeuka kutoka jikoni, "Si ugali, ni bukari. Ugali iko kwenu Tanga. Uko na njaa, kula ya hapa. Hauna njaa, ngojea ya kwenu." Mzee Mbwana akacheka mpaka akapaliwa, na akala ya pale.

Gereji ya Papa Ilunga ilikuwa Rosettenville, kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya mjane wa Kireno. Tulikuwa na paa la mabati juu ya nusu ya ua, meza ya chuma, na redio. Nilifika pale siku ya kwanza nikiwa nimefunga tai, nikamwonyesha stashahada yangu. Aliipokea kwa vidole viwili ili asiichafue, akaisoma yote, akanirudishia akasema, "Bon. Diploma, shika hii," akanipa ndoo ya oili chafu. Tangu siku ile jina langu likawa Diploma. Sikukasirika. Nilijua ninachokijua, na wiki chache tu zilitosha kuona kwamba na yeye anajua anachokijua. Kazi iliyompa jina miongoni mwa wageni, Wakongomani kwa Watanzania kwa Warundi, ilikuwa kufufua magari yaliyochoka. Johannesburg iko juu sana, na hewa ya huko juu ni nyepesi. Injini inavuta pumzi ileile lakini inapata kidogo, kwa hiyo gari linapanda kilima likihema kama mgonjwa. Dawa ya Papa Ilunga ilikuwa gasketi, ile karatasi ngumu inayolala kati ya bloku ya injini na silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Alikuwa anatoa gasketi nene iliyokuja na gari na kuweka nyembamba. Kichwa kinashuka kidogo, chumba cha kuchomea mafuta kinapungua, na ile hewa haba inabanwa zaidi kabla ya kuwaka. Mlipuko unakuwa mkali, na gari linakumbuka ujana wake.

Hatari yake ni kwamba kichwa kikishuka, valvu nazo zinasogelea pistoni, na zikigusana injini imekwisha. Wengine walikuwa wanabahatisha. Papa Ilunga hakubahatisha. Alikuwa anatoka nyumbani na kibonge cha unga uliokandwa na Mama Odette kwa ajili ya kukaanga mikate ya asubuhi, amekifunga kwenye nailoni mfukoni. Akifika alikipaka oili, anakibandika juu ya pistoni, anarudisha kichwa na gasketi yake nyembamba, anaizungusha injini kwa mkono taratibu mpaka valvu zishuke na kupanda, kisha anafungua tena. Unga unakuwa umepigwa chapa. Anaukata kwa wembe, anautazama pale palipo pembamba kabisa, na hapo ndipo anasema gasketi hii inafaa au haifai. Nimesoma vitabu na nimeona vyombo vya kupimia vya bei kubwa, na leo ninavyo kwenye gereji zangu. Lakini sijawahi kuona kipimo kinachoonyesha nafasi ya valvu waziwazi kama ule unga wa mikate. Nyumbani Mama Odette alikuwa anauliza, "Ilunga, unga yangu iko wapi?" Naye anajibu, "Imeenda kazini." Mimi nikamwongezea hesabu, na kipimo cha mgandamizo kinachofungwa mahali pa plagi, ili tujue kila silinda inabana kiasi gani kabla na baada. Alikipenda kile kipimo kuliko alivyotaka nijue. Wateja wakija alikuwa anasema, "Diploma, pima," kwa sauti ya mtu aliyeleta daktari.

Gari la Mzee Mbwana lilikuwa saluni ya Kijapani, rangi ya maziwa, lenye viti ambavyo hakuwa ameviondoa nailoni. Aliliegesha chini ya dirisha la Berea na alikuwa anafungua pazia kulitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mchanga. Lile gari lilikuwa na kazi moja tu, kumfikisha Tanga. Kwao kulikuwa na maneno. Mtu ameondoka miaka na miaka, anapiga simu sikukuu tu, basi wengine wakasema amefungwa, wengine wakasema amepotea kabisa na ameoa Mzulu, na mkewe alikuwa anayasikia yote hayo kisimani na sokoni. "Sitarudi kwa ndege," alituambia. "Mtu wa ndege anatua na begi, hakuna anayemwona. Mimi nitaingia kwa barabara, mchana, napiga honi moja tu, mlangoni." Ndiyo sababu alikuwa amelipeleka kwa Papa Ilunga miezi michache baada ya mimi kufika, likawekewa gasketi nyembamba. Siku alipolichukua alinipandisha pembeni yake, tukapanda mtaa mkali unaotoka Hillbrow, akatia gia ya tatu badala ya ya pili, na gari likapanda. Alipofika roboti ya juu, kama wanavyoziita kule taa za barabarani, ikiwa nyekundu, akapiga usukani kofi la taratibu, mara mbili tatu, kama mtu anayempongeza farasi.

Kwa hiyo mtu aelewe nilikuwa nagusa nini siku nilipofungua mdomo. Tulikuwa mezani, Mzee Mbwana ametangaza kwamba ataondoka baada ya mfungo, atapita Zimbabwe na Zambia aingilie Tunduma. Nikasema, "Basi kabla hujaondoka turudishe gasketi nene." Nikaeleza, na nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza mpaka leo. Nilisema ile gasketi nyembamba ni ya hewa ya juu. Njia yote ya Zambia na nyanda za juu gari litakwenda kama upepo, lakini likishaanza kuteremka kuelekea pwani hewa inakuwa nzito, silinda zinajaa kuliko zilivyojaa hapa, na chumba tumekibana. Petroli itawaka kabla ya saa yake na kuipiga pistoni wakati bado inapanda. Injini itagonga, na ikigonga sana pistoni inatoboka. "Itakuangusha ukiwa umebakiza mkoa mmoja," nikasema. Papa Ilunga aliweka tonge chini. "Petit," alisema, na aliponiita petit, yaani mdogo, badala ya Diploma nilijua pamechafuka, "hewa ni hewa. Iko hapa, iko Lubumbashi, iko Tanga. Magari ngapi nimefunga? Moja ilirudi?" Nikamjibu kwamba hakuna lililorudi kwa sababu hakuna lililoondoka; yote yako hapahapa mjini, na hata Lubumbashi kwenyewe ni juu, yeye hajawahi kusikia injini yake ikiwa usawa wa bahari. Mzee Mbwana alikuwa ananitazama. "Mwanangu," alisema kwa upole uliouma, "wewe hata baiskeli huna. Gari la mwenzio linapaa, unataka lirudi kutambaa. Hilo kwetu lina jina lake, ila sitalitaja mbele ya chakula."

Nilikwenda kuosha vyombo kwa hasira, kwa kuwa mtu mwenye hasira katika nyumba ile hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kati ya jiko na chumba chao kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na maji nilikuwa nimeyafunga. "Mtoto ya watu anataka kunifundisha kazi mbele ya mteja wangu," Papa Ilunga alikuwa anasema. Mama Odette akamuuliza, "Na kama anasema kweli?" Papa Ilunga akasema mteja ameridhika. Mama Odette akarudia swali lilelile kwa sauti ileile, kama mtu anayerudia msuko uliofumuka. Halafu nikamsikia Mama Odette akisema jambo ambalo sisi wanaume watatu, pamoja na stashahada yangu, hatukuwa tumelifikiria. "Bahari haiko Tanga tu. Iko Durban. Mzee anaenda Durban kuchukua mizigo yake. Enda naye, uisikilize."

Tukaenda Jumamosi, wote watatu, mimi nyuma. Mzee Mbwana alikubali kwa sababu moja tu, kwamba alitaka kuniona nikifedheheka. Gari lilikwenda kwa raha, na tulipofika kwenye ukingo wa milima ambapo barabara inaanza kumwagika kuelekea Natal, mkoa wa Durban, Papa Ilunga alizima redio, akashusha kioo, akainamisha kichwa. Tulishuka. Masikio yakaziba, yakazibuka. Joto likaingia. Injini ilikuwa kimya kama paka. "Diploma," Mzee Mbwana akaniita kupitia kioo cha juu, "hebu nisaidie, mimi mtu mzima sisikii vizuri. Hiyo kelele iko wapi?" Papa Ilunga akatabasamu kidogo akitazama nje ya dirisha. Nikawaambia wasubiri, kwamba tunateremka, mguu hauko kwenye mafuta, injini haina kazi na isiyo na kazi haigongi. "Ahaa," Mzee akasema, "kumbe inagonga kwa miadi." Walicheka wawili wale mpaka tulipoiona bahari, na mimi nilikuwa nyuma nimekumbatia magoti, najua niko sawa, na najua pia kwamba nikiwa sawa nimemvunjia mtu safari yake, na nikiwa nimekosea nimekwisha mimi.

Tulipakia mizigo mchana, mabunda ya vitambaa mpaka nikakaa juu yake, tukaanza kuupanda mji kutoka ufukweni. Durban imejengwa ubavuni mwa vilima. Kwenye kilima cha kwanza Mzee Mbwana akatia gia ya tatu kwa mazoea ya Hillbrow, akakanyaga, na ikaanza. Ilikuwa kama mtu ametia misumari kwenye kopo na anatikisa. Aliachia mafuta, ikanyamaza. Akakanyaga, misumari. Mzee Mbwana alinyoosha mkono akafungulia redio kwa sauti kubwa, akaendelea kupanda, uso mbele. Papa Ilunga akaizima. Mzee akaifungulia. "Mzee Mbwana," Papa Ilunga alisema, na sijawahi kumsikia akisema kwa upole namna ile, "tusimame." Tulisimama kando ya barabara. Aliteremka, akafungua boneti, akamwomba Mzee akanyage kidogo huku yeye ameweka kiganja juu ya kichwa cha injini, kama mtu anavyomgusa mtoto mwenye homa. Kisha alirudi mlangoni kwake, akapenyeza mkono chini ya kiti alichokuwa amekalia njia nzima, akatoa mfuko wa turubai. Ndani yake kulikuwa na spana zake, soketi, ile spana ndefu ya kukazia kichwa kwa kipimo, na gasketi nene, mpya, bado iko kwenye pakiti yake. Nilimtazama. Alikuwa amecheka kutoka milimani mpaka baharini huku ameikalia. "Papa," nikasema, "ulijua?" Akasema, "Sikujua. Mi niko fundi. Fundi anabeba."

Alikuwa na rafiki yake Durban, mshonaji wa kwao, mwenye ua wa saruji. Tuliacha injini ipoe usiku kucha, na Jumapili asubuhi, saa ambayo watu wake walikuwa kanisani, Papa Ilunga alifungua kichwa. Alinionyesha juu ya pistoni ya tatu alama ndogondogo, kama mahali palipodonolewa na kuku. Akamwita Mzee Mbwana aje aone, lakini Mzee alikuwa amekaa juu ya mabunda yake, ametupa mgongo. Tuliosha nyuso za chuma mpaka zikang'aa, tukalaza gasketi nene, na tukakaza kuanzia katikati kwenda nje, mara ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu mpaka kipimo kiseme basi. Yeye alikuwa anashika spana, mimi nasoma kipimo. Hakuniomba radhi na mimi sikutaka. Nilimwekea saa ya kuwaka kwa plagi nikairudisha nyuma kidogo, na yeye akasimama pembeni akatazama mikono yangu bila kunisahihisha, jambo ambalo kwa Papa Ilunga lilikuwa sawa na kupigiwa ngoma. Jioni tulikipanda kilima kilekile na mabunda yaleyale. Hakukuwa na msumari hata mmoja.

Kurudi Johannesburg ndiko kulikokuwa na msiba. Kadiri tulivyopanda, ndivyo gari lilivyozidi kuchoka, na milimani Mzee Mbwana alishuka gia mpaka hakukuwa na gia ya kushukia. Alikuwa hajanisemesha tangu jana yake. Lori moja lililobeba kuku likatupita, manyoya yakitua kwenye kioo chetu. Ndipo akasema, akitazama mbele, "Hata kuku." Papa Ilunga akageuza uso dirishani, mabega yakimtetemeka. Nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekwa. Kwa wiki zote za mfungo Mzee alipanda ule mtaa wa Hillbrow kwa gia ya kwanza huku teksi zinampigia honi, na kila akirudi alisema tumemfanyia hiana. Alisema yupo fundi mwingine barabara kuu, kijana wa kwao, atakayemrudishia gasketi yake nyembamba kwa saa chache. Mama Odette alimwekea futari kwenye sufuria ya mfuniko wa bluu na kumwambia ale kwanza, agombane baadaye. Papa Ilunga akamwambia, "Gari ni yako, Mzee. Enda kwa huyo fundi. Mi nakuomba kitu moja tu. Ikizima njiani, bibi yako akiuliza nani alifunga, usitaje mtu ya hii nyumba." Wiki ya mwisho kabla ya safari Mzee alilichukua gari, akaenda kukaa kwa watu wake Mayfair ili apakie mizigo vizuri, na hakulileta tena gereji. Aliaga kwa simu. Hatukujua ameondoka na gasketi ipi.

Wakati tunasubiri, gerejini pakaingia desturi mpya, na hii ndiyo ningependa Grâce aijue kuliko yote. Mteja akija kutaka gari lake lifufuliwe, Papa Ilunga hakumuuliza tena tatizo ni nini. Alifuta mikono, akamtazama, akamuuliza, "Unakaa ao unarudi?" Alikuwa anauliza kwa ajili ya gasketi, ajue aweke nyembamba au aache nene. Lakini nimeona wanaume wazima wakishindwa kujibu. Mmoja, dereva kutoka Bujumbura, alikaa kwenye ndoo akafikiri mpaka chai ikapoa, kisha akasema atarudi kesho na jibu, na hakurudi. Mwingine alisema anarudi mwakani, Papa Ilunga akamuuliza mwaka jana alisema nini. Mama mmoja alijibu palepale, "Nakaa," na akaanza kulia kwa sababu hakuwa amewahi kulisema. Sijui daktari gani au kiongozi gani wa dini aliyewahi kutuuliza swali hilo waziwazi vile. Gari la Papa Ilunga mwenyewe lilikuwa na gasketi nyembamba kuliko zote. Sikuwahi kumuuliza, gari lilikuwa limeshajibu. Siku moja aliniuliza mimi, ambaye kama alivyosema Mzee sikuwa na baiskeli. Nikasema narudi. Nilisema kwa haraka, nikashangaa kwamba jibu nilikuwa nalijua. Hakuonyesha kufurahi wala kuhuzunika. "Bon," alisema. "Basi kuanzia leo nakufundisha ya nene." Na kweli, kila kitu ninachokijua kuhusu injini zinazoishi kwenye joto na hewa nzito, injini ambazo leo zinanilisha na kuwalisha mafundi wangu wote, nilikianzia pale juu, kwa mtu ambaye bahari aliifikia siku ile moja ya mizigo.

Simu ililia adhuhuri, Papa Ilunga ameingia nusu mwili chini ya gari. Niliipokea mimi. "Mko wote wawili?" ilikuwa sauti ya Mzee Mbwana, na nyuma yake kelele za watoto. Papa Ilunga alitoka chini kwa mgongo, tukabana simu kati ya masikio yetu. Mzee alisema yuko mlangoni kwake, amefika, amepiga honi. Alisema watu wamejaa mpaka njia imefungwa. Kisha akakohoa, akasema gari alimpelekea kweli yule kijana wa barabara kuu mpaka mbele ya gereji yake, kijana akashika spana kabisa, halafu yeye Mzee akakumbuka ile misumari ya Durban, akamwambia aiache gasketi nene palepale ilipo. "Sasa msikilizeni wenyewe," alisema, na tukasikia injini ikiunguruma pale ilipo. Mimi na Papa Ilunga tukatazamana, maana wote tulijua gari lililosimama halisemi kitu. "Mwambie ajaze batu ndani," Papa Ilunga aliniambia, "aweke gia ya juu, akanyage." Nikamwambia Mzee. Tukasikia akiita watoto, milango ikifungwa, na sauti mpya ya mwanamke, karibu kabisa na simu, ikisema, "Simu nimeishika mimi, haya twende." Alikuwa mkewe, ameketi kiti cha mbele. Gari likaondoka. Injini ikazama, ikalemewa, ikapanda sauti, watoto wakipiga kelele za furaha, na Papa Ilunga akafumba macho, kidole chake chenye grisi kikigonga mlango wa lile gari lingine kwa mwendo wa pistoni. Tulisikiliza kama misumari italia. Tukasikia watoto, tukasikia mwanamke akicheka na kumwambia mtu apunguze mwendo, tukasikia injini nzima, nzito, imelala mahali pake. Nikataka kusema jambo. Papa Ilunga akaninyamazisha kwa mkono. "Mwambie abadilishe oili," alisema, bado amefumba macho. "Na mwambie asisimame kwanza." Nikamwambia. Hakusimama, na sisi tukaendelea kusikiliza mpaka salio likaisha.